Waridi la jangwani linapogoma: dalili, chanzo na tiba

Waridi la jangwani, Adenium obesum kwa jina la kitaalamu, ni kichaka cha kwetu. Ukanda wake wa asili unaanzia Senegali, unapita Saheli hadi Sudani, Ethiopia na Somalia, unashuka Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya bahari unaendelea Yemeni hadi Dhofar huko Omani. Huku kwetu unalikuta kwenye miamba na nyika kavu za Tsavo, Baringo, Samburu, Mkomazi na kandokando ya Ziwa Eyasi, likiwa na shina lililovimba, ngozi ya kijivu, na maua mekundu au ya waridi yanayotoka wakati kila kitu kingine kimekauka. Mwanasayansi Pehr Forsskål alilikusanya Arabuni, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1775, miaka kumi na miwili baada ya yeye mwenyewe kufia Yemeni.

Mmea wa namna hiyo, unaokaa miezi bila tone juu ya jiwe, unakufa barazani mwa mtu anayeumwagilia kila asubuhi. Maswali mengi ninayoulizwa yanaanzia hapo. Wakati huohuo, yale ya porini yaliyo karibu na barabara yanazidi kupungua kwa sababu kuna watu wanayang'oa yakiwa makubwa na kuyauza. Kwa hiyo mwongozo huu una kazi mbili: kuokoa ulilonalo, na kukuwezesha kuzalisha jipya kwa mbegu ili usilazimike kununua la kung'olewa.

Kwanza bonyeza shina, majani baadaye

Mtu akileta picha ya waridi lake, karibu kila mara ni picha ya majani. Majani ya mmea huu hayaaminiki. Yanageuka njano kwa kiu, yanageuka njano kwa maji mengi, yanageuka njano kwa baridi, na yanageuka njano kwa sababu tu umehamisha chungu kutoka ukutani kwenda uani. Ukitibu jani utatibu ugonjwa usiokuwepo.

Weka kidole gumba kwenye lile shina nene la chini, ambalo humu nitaliita tumbo, ubonyeze pande zote, hasa usawa wa udongo. Kisha chukua kijiti cha mishikaki, kichomeke hadi chini ya chungu, ukiache dakika chache na ukichomoe. Majibu hayo mawili, la tumbo na la kijiti, yanatosha kukuonyesha njia.

Tumbo gumu na kijiti kikavu: mmea ni mzima, hata kama majani yote yameanguka. Huenda umelala tu. Tumbo limelegea kidogo pande zote kwa usawa, ngozi ina mikunjo myembamba, na kijiti ni kikavu: hiyo ni kiu. Mwagilia maji mengi mpaka yatoke chini, na baada ya siku chache litajaa tena. Tumbo laini na kijiti kimelowa: mizizi haivuti tena, imeoza au inaelekea kuoza, na kila tone unaloongeza linaharakisha. Tumbo gumu isipokuwa sehemu moja inayobonyea, yenye rangi ya kahawia au inayotoa majimaji na harufu: uozo umeingia mwilini, na leo ni siku ya kisu.

Kosa la kawaida kabisa ni kuchanganya hali ya pili na ya tatu. Mtu anaona shina limelegea, anadhani ni kiu, anaongeza maji juu ya udongo ambao tayari umelowa. Ndiyo maana kijiti ni cha lazima. Usikadirie kwa kutazama juu, kwa sababu udongo wa juu hukauka wakati chini bado ni tope.

Tumbo laini, udongo umelowa

Toa mmea kwenye chungu siku hiyohiyo. Usisubiri wikiendi. Pukutisha udongo, osha mizizi kwa maji ya bomba na uitazame kwa mwanga wa kutosha. Mzizi mzima ni mgumu na ndani yake ni mweupe au wa rangi ya maziwa. Mzizi uliooza unachubuka ngozi ukiushika na kubaki uzi.

Kabla hujashika kisu, vaa glavu. Utomvu wa mmea huu una sumu inayoathiri mapigo ya moyo. Wahadzabe wa Eyasi huuchemsha mpaka uwe mzito na kuupaka kwenye ncha za mishale ya kuwindia. Ukikugusa mkononi penye ngozi nzima, osha kwa sabuni na hakuna la kutisha sana, ila usijipanguse macho, usikatie kwenye ubao wa jikoni, na mabaki usiyaache mahali mtoto au mbuzi anaweza kuyafikia.

Kisu kiwe kikali na kifutwe kwa spiriti. Kata sehemu iliyooza, kisha tazama uso wa kidonda: ukiona doa au mstari wowote wa kahawia, kata tena, na ufute kisu kila unapokata. Endelea mpaka nyama iwe safi kabisa. Hapa ndipo watu wanapoingiwa na huruma. Wanabakiza kipande chenye doa dogo ili tumbo lisipoteze umbo lake, na baada ya wiki tatu wanakata nusu ya mmea. Bora ubaki na tumbo lenye shimo kuliko kutokuwa na tumbo. Shimo hukauka, linapata gamba, na miaka michache baadaye linapendeza kuliko hapo awali.

Paka unga wa salfa au dawa ya ukungu ya unga kwenye kidonda. Unga wa mdalasini watu wanaupenda na hauna madhara, lakini hautaokoa kidonda ambacho hakikukatwa vizuri. Kisha ning'iniza mmea kivulini penye upepo, bila udongo, bila maji, mpaka vidonda vyote vikauke na kuwa vigumu. Kipande kidogo huchukua wiki moja. Tumbo kubwa lililokatwa sana linaweza kuhitaji wiki mbili tatu. Halitakufa. Limeumbwa kuishi kwa akiba yake.

Likikauka, lipande kwenye mchanganyiko mkavu na usimwagilie kwa wiki nyingine. Mchanganyiko ndio mzizi wa tatizo lote, kwa hiyo tuuangalie vizuri. Udongo mweusi wa bustani peke yake haufai, hata ukichanganywa na samadi. Kwenye chungu unajishikilia na kuhodhi maji. Mimi hutumia sehemu mbili za mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, sehemu moja ya vipande vya mkaa au matofali vilivyopondwa kufikia ukubwa wa punje ya mahindi, na sehemu moja ya mboji iliyooza sawasawa. Walio Arusha, Moshi au Naivasha wana bahati ya changarawe nyepesi za volkeno. Hizo ni bora kuliko mchanga. Walio pwani wasichote mchanga wa ufukweni, una chumvi. Pumba za mchele zikiwa mbichi zinachacha na kupasha mizizi joto. Zikaangwe ziwe nyeusi kwanza. Kipimo cha mwisho ni rahisi: mwaga kikombe cha maji juu, yaanze kutoka chini karibu papo hapo. Yakisimama juu na kufanya dimbwi, rudi ukaongeze changarawe.

Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ni bora kuliko cha plastiki kwa mtu mwenye mkono mwepesi wa maji. Sahani ya chini iondolewe kabisa, na wakati wa masika chungu kisogezwe chini ya upenu. Mvua za Aprili na Mei za pwani zinaua mawaridi mengi kuliko ukame wowote niliouona.

Majani ya njano, tumbo gumu

Hapa tulia. Majani machache ya chini yakigeuka njano na kuanguka huku juu kunachipua, ni ya uzee. Yakianguka yote mwezi Juni au Julai kwa aliye Nairobi, Nakuru, Iringa au nyanda nyingine za juu, mmea umelala kwa baridi. Usiku ukishuka hadi nyuzi kumi na kidogo za Selsiasi, unasimamisha kazi. Punguza maji mpaka karibu usitoe kabisa, uweke mahali pakavu, na usiupe mbolea. Utaamka wenyewe joto likirudi, na hapo ndipo unarudisha maji kidogokidogo. Anayemwagilia waridi lililolala kwa kiwango cha wakati wa jua anarudi kwenye sehemu iliyotangulia, na kisu mkononi.

Kingo za majani zikiwa kavu na za kahawia, zimejikunja kama zilizoungua, fikiria chumvi. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi ya kutosha kuunguza jani. Kinga maji ya mvua, au kila baada ya wiki kadhaa suuza udongo kwa maji matamu mengi yapite mpaka chini na kutoka. Samadi ya kuku ambayo haijaiva hutoa dalili hiyohiyo.

Majani yaliyopauka, yenye vidoadoa vingi vidogo na utando mwembamba upande wa chini, ni utitiri. Unapenda kiangazi na mahali pasipofikiwa na mvua. Nyunyizia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani kwa siku kadhaa mfululizo. Mara nyingi hilo latosha.

Lina afya lakini halitoi maua

Uliza kwanza linapata jua la moja kwa moja saa ngapi kwa siku. Kama ni chini ya saa sita, umepata jibu, na hakuna mbolea itakayolibadilisha. Baraza lenye paa linaonekana na mwanga mwingi kwa macho yetu, lakini kwa mmea wa nyika ni kivuli. Ukilihamisha juani, fanya hivyo kwa hatua za wiki mbili, la sivyo ngozi ya tumbo itaungua upande mmoja na kubaki na kovu jeupe.

Kama jua lipo, tazama majani. Makubwa, ya kijani kibichi sana, na matawi marefu yanayolegea: umelilisha naitrojeni kupita kiasi. Acha samadi na urea, na utumie kiasi kidogo cha mbolea yenye fosforasi na potasiamu wakati linapokua, si wakati limelala.

Sababu ya tatu ni kwamba halijapumzika. Porini linachanua wakati wa ukame, mara nyingi likiwa halina jani hata moja. Pwani, ambako tunalimwagilia mwaka mzima, linaweza kuendelea kutoa majani tu. Linyime maji wiki kadhaa wakati wa kaskazi, mpaka tumbo lilegee kidogo sana, kisha lipe maji. Mara nyingi machipukizi ya maua hutoka baada ya hapo. Kupogoa nako kunasaidia, kwa kuwa maua hukaa kwenye ncha za matawi mapya. Tawi moja lililokatwa hutoa mawili au matatu. Kata mwanzoni mwa msimu wa joto. Ukikata kila mara ili umbo lipendeze, unakata maua yenyewe.

Na kama ulilipanda kwa mbegu na bado ni dogo, subiri. Baadhi huchanua kabla ya mwaka, mengine huchukua miwili au zaidi.

Vichwa vya maua vinaanguka kabla ya kufunguka

Mara nyingi ni mabadiliko ya ghafla: chungu kimehamishwa, kimegeuzwa, au kimekauka kabisa wakati vichwa vimeshatoka. Waridi linalochanua linahitaji maji zaidi kuliko lililotulia, jambo ambalo mtu aliyeogopeshwa sana na uozo hulisahau.

Sababu nyingine ni wadudu wanaonyonya. Vidukari wa njano iliyokolea wenye miguu meusi hujazana kwenye ncha changa na chini ya vichwa vya maua; ndio haohao wanaoshambulia oleanda, ndugu wa mmea huu. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji kinawamaliza, ukinyunyizia jioni na kurudia baada ya siku nne tano. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, usiwafukuze kabla hujafuata njia yao: watakupeleka mahali vidukari walipo. Vidung'ata, wale wenye unga mweupe, ni wabishi zaidi. Wanajificha kwenye mikunjo ya matawi na hata mizizini, kwa hiyo wafute kwa pamba yenye spiriti, kisha mafuta ya mwarobaini kila wiki, daima jua likishazama, maana mafuta juani yanaunguza majani.

Ukiamka ukakuta matawi matupu, majani yameliwa hadi kikonyo, tazama chini ya chungu. Vinyesi vikubwa vyeusi vya duara ni vya kiwavi wa nondo mkubwa wa oleanda. Kiwavi mwenyewe ni mkubwa kuliko kidole, wa kijani, ana madoa mawili ya buluu na nyeupe yanayofanana na macho karibu na kichwa. Anatisha kwa sura tu. Mtoe kwa mkono. Kupiga dawa mmea mzima kwa ajili ya viwavi wawili ni kupoteza fedha, na majani yatarudi ndani ya wiki chache.

Kubwa, zuri, la bei nafuu, linakufa baada ya miezi minne

Dalili zake zinajirudia. Mtu amenunua kando ya barabara waridi lenye tumbo kama la ndoo. Lilichanua mara moja. Majani yakatoka. Kisha likaanza kulegea taratibu, na lilipotolewa kwenye chungu halikuwa na mzizi hata mmoja mpya.

Hilo lilitoka porini. Wang'oaji hukata mzizi mkuu unaoingia kati ya mawe, kwa sababu kuuchimba wote ni kazi ya siku nzima, na mmea unaendelea kuishi kwa maji na chakula kilichomo tumboni. Maua yale yalikuwa akiba ikitumika. Mengine yanapona, mengi hayaponi. Unaweza kulitambua kabla ya kulipa: ngozi ina makovu ya zamani ya mawe, tumbo limebonyea upande mmoja lilipokuwa limeegemea mwamba, na ukiparua udongo kidogo unakuta kisiki cha mzizi kilichokatwa kwa panga. La kitalu lina mizizi minene inayosambaa pande zote na ngozi laini.

Kama umeshalinunua, litibu kama lililofanyiwa upasuaji: lisafishe, kata kisiki mpaka nyama safi, likaushe, lipande kwenye changarawe karibu tupu, kivulini, na maji kidogo sana mpaka chipukizi lianze kukua kwa nguvu. Halafu usinunue tena. Kung'oa mmea ndani ya hifadhi kama Tsavo au Mkomazi ni kosa la jinai, na hata nje ya hifadhi, tumbo la ukubwa ule limechukua miaka mingi kukua mahali ambapo hakuna atakayepanda jingine.

Halitoi mbegu

Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalowafanya wengi wakate tamaa na kurudi kwa wang'oaji.

Kwanza, waridi moja peke yake kwa kawaida halijichavushi. Unahitaji miti miwili isiyo ya damu moja. Ukiwa na matatu ambayo yote ni vipande vya tawi la mti mmoja wa jirani, kwa mbegu hayo ni mti mmoja.

Pili, ua limefungwa kwa ustadi. Ndani ya koo lake stameni tano, yaani sehemu za kiume za ua, zimeshikana na kufanya koni, na nyuzi zenye manyoya zinachomoza kutoka kwenye ncha zake. Chavua iko ndani ya koni, juu. Sehemu ya kike inayoipokea iko chini ya chavua, imefichwa. Wadudu wa mjini mara chache wanafika huko. Kwa hiyo fanya kwa mkono, asubuhi, kwa ua lililofunguka siku hiyo au jana yake. Chana bomba la ua upande mmoja mpaka koni ionekane. Kwa kijiti cha meno kilichochongwa chembamba, au unyoya mgumu wa brashi, penyeza kati ya stameni mbili na utoe chavua kutoka sehemu ya juu. Nenda kwenye ua la mti wa pili, lichane vilevile, na upenyeze chavua hiyo kwenye mwanya wa chini kati ya stameni, ukielekeza juu kidogo. Fanya maua mengi. Mengi yatakataa, na hilo ni la kawaida hata kwa wazoefu.

Ua lililokubali linadondosha petali lakini kikonyo kinabaki kijani, na baada ya wiki kadhaa maganda mawili yanajitokeza yakitazamana, yamechongoka pande za nje. Yanakomaa kwa miezi miwili mitatu hivi, wakati mwingine zaidi. Yakianza kubadilika rangi, yafunge kwa uzi au uyavishe kipande cha chandarua. Usipofanya hivyo yatapasuka mchana mmoja wa upepo, na mbegu, ambazo zina manyoya kwenye ncha zote mbili, zitaruka kwa jirani.

Mbegu hazioti, au zinaota na kuanguka

Mbegu mbichi huota haraka: siku tatu hadi wiki moja kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi. Wiki tatu zikipita bila kitu, kuna mawili. Ama mbegu ni tupu, na hilo ungeligundua kwa kuzibonyeza kwa kucha kabla ya kupanda, kwani iliyojaa haibonyei. Ama ni kuukuu. Uwezo wao unashuka kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo kununua mbegu zisizo na tarehe ni kamari. Wa nyanda za juu wasipande Julai.

Zilaze chali, zisisimamishwe, juu ya mchanga mchanganyiko, uzifunike kwa tabaka jembamba lisilozidi nusu sentimita. Udongo uwe na unyevu bila kulowa. Ukiweka nailoni juu ili kutunza joto, itoe mara tu vichwa vya kijani vinapoonekana.

Nailoni iliyosahauliwa ndiyo chanzo kikubwa cha kinyaushi: mche unakuwa mzuri leo, kesho shingo yake imekuwa nyembamba na ya kahawia, keshokutwa umelala. Ukungu huo hautibiki kwenye mche uliokwisha kushikwa. Unachoweza ni kuwaokoa wenzake. Ng'oa walioanguka pamoja na udongo unaowazunguka, ongeza hewa, punguza maji. Safari ijayo mimina maji yanayochemka juu ya mchanganyiko siku moja kabla ya kupanda, na uache nafasi kati ya mbegu na mbegu.

Miche ikirefuka, ikiwa myembamba na inayoinama upande mmoja, inatafuta jua. Ianze kuzoea jua la asubuhi mapema, ikiwa na wiki mbili tatu. Na kumbuka kwamba mche si mti mzima: katika mwaka wake wa kwanza hauna akiba, hivyo usiutese kwa kiu ukidhani unaukomaza. Maji ya mara kwa mara kwenye udongo unaopitisha maji ndiyo yanayojenga tumbo. Kila unapouhamishia chungu kikubwa zaidi, uinue kwa upana wa kidole ili mizizi minene ianze kuonekana juu, ila ile iliyofunuliwa ikingwe na jua kali kwa wiki za mwanzo.

Vipande vya matawi vinaoza

Karibu kila mara vilipandwa siku vilipokatwa. Kata tawi la unene wa kidole, urefu wa sentimita 15 hadi 20, futa utomvu, toa majani mengi, kisha liweke kivulini siku nne mpaka saba hadi kidonda kiwe kigumu. Chomeka sentimita chache tu kwenye mchanga mkavu, lishikilie kwa kijiti lisitikisike, anza maji kidogo baada ya wiki. Usifunike kwa nailoni. Fanya hivyo wakati wa joto, usifanye wakati wa masika.

Ujue tu unachopata. Tawi huchanua mapema na maua yake ni yaleyale ya mama yake, lakini halitengenezi tumbo kama la mche wa mbegu. Litanenepa kwa miaka, bila lile umbo. Anayetaka tumbo apande mbegu. Anayetaka ua fulani apandikize, yaani aunganishe tawi la ua hilo juu ya mche mwingine.

Pandikizi limekuwa jeusi, au maua yamebadilika

Pandikizi jeusi ndani ya wiki ya kwanza ni kisu kichafu, utomvu ulioachwa ukagande katikati, au maji yaliyoingia kwenye kiungo. Mche wa chini uwe na unene wa penseli au zaidi, tawi la juu liwe na unene huohuo, ngozi zigusane angalau upande mmoja, na kiungo kifungwe kwa utepe wa nailoni na kufunikwa na kimfuko kidogo. Mmea ukae kivulini wiki mbili mpaka tatu. Kimfuko kikijaa matone mengi ndani, kifungue kidogo usiku.

Na yule aliyenunua waridi lenye maua ya petali tabaka tatu, kisha mwaka wa pili likaanza kutoa ya petali tano tu za waridi, hakutapeliwa. Maua yale yametoka kwenye tawi lililochipua chini ya kiungo, ambalo ni la mche wa chini na lina nguvu kuliko pandikizi. Lifuate mpaka linapoanzia. Likiwa bado changa, ling'oe kwa kidole. Likishakomaa, likate kwa kisu usawa wa ngozi ya shina, kwa kuwa ukiacha kisiki litachipua tena, safari hii matawi mawili.